Picha Iliyofika Mapendo

Tantine Valérie hakubisha hodi. Aliingia sebuleni kwa kaka yake akiwa bado na kitenge cha misa, akapita katikati ya viti bila kusalimu mtu, akaiweka simu yake juu ya meza, kati ya sahani ya mboga ya sombe na bakuli la bugali.

"Kamate, angalia mutoto wako."

Muzee Kamate hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alinawa mkono, akaufuta kwa kitambaa, akatafuta miwani mfukoni, akaivaa. Kahindo alikuwa ng'ambo ya meza, tonge mkononi. Kutoka pale alipokaa hakuweza kuiona picha, lakini aliijua. Aliijua kwa jinsi shangazi yake alivyokataa kumtazama usoni.

Katika picha hiyo Kahindo alivaa sketi ya hariri ya zambarau, mtandio wa nyuzi za dhahabu umepita begani, maua meupe nyweleni. Kando yake alisimama mwanaume mrefu mwenye shati jeupe, akicheka kama mtu aliyesahau kwamba anapigwa picha. Mkono wa huyu na mkono wa yule ilikuwa imefungwa pamoja kwa nyuzi nyeupe. Chini kulikuwa na maandishi ya Kithai, na chini ya hayo simu yenyewe ilikuwa imetafsiri kwa Kifaransa: pongezi kwa maharusi.

"Chorale nzima ya kanisa imeiona," alisema tantine. "Mama Jolie ndiye alinitumia. Ananiuliza kwa nini hatukumualika. Nimujibu nini? Na mimi mwenyewe sikualikwa!"

Muzee Kamate aliitazama picha muda mrefu. Kisha akavua miwani.

"Huyu kijana ni nani?"

"Anaitwa Éphraïm, papa. Ni yeye alinisaidia kununua nguo kule Bangkok."

"Mutu wa wapi?"

"Wa Masisi."

Tantine alipumua kwa kishindo. Wanaume wanne alikwisha kuwaleta katika nyumba hiyo ya mtaa wa Mapendo, Goma, wote watoto wa wafanyabiashara wa Butembo, watu wa kwao, wenye ukoo unaojulikana na kanisa linalojulikana. Kahindo aliwapikia wote wanne, akawasindikiza wote wanne mpaka kwenye lango, akasema hapana. Tangu mama yake alipofariki, maneno ya ndoa yalikuwa ya tantine, na tantine alikuwa amechoka.

"Umeolewa?" aliuliza baba yake.

Kahindo alilirudisha tonge kwenye sahani. Neno moja tu lingemtosha. Angesema mchezo, picha ya watalii, na wote watatu wangerudi kwenye chakula chao. Lakini alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na katika maisha yake yote hakuwahi kumdanganya mzee huyo aliyemlea peke yake.

"Papa, nikueleze yote?"

"Eleza."

Akaeleza.

Ulikuwa mwaka ule barabara ya Bunagana, ya kutoka Uganda, ilipofungwa kwa sababu ya vita, na nguo zilizokuwa zinapitia huko zikakoma kufika. Kahindo alikuwa na duka, na wateja wake hawakuacha kuoana kwa sababu kuna vita. Basi alipanda ndege, kama wanawake wengine wa Goma wanavyofanya, akaenda kununua mwenyewe. Kule Bangkok walimwonyesha kijana mmoja wa Kongo anayejua Kithai. Alikwenda kusoma, masomo yakaisha, akabaki akiwasaidia wafanyabiashara kuongea na wenye maduka. Siku ya kwanza Kahindo alimkemea kwa kuchelewa. Siku ya pili kijana alifika kabla yake, ameketi ngazini na vikombe viwili vya kahawa. Siku ya tano Kahindo aligundua kwamba yeye mwenyewe anachagua nguo polepole makusudi.

Mzigo ukachelewa. Mama mmoja muuza hariri, Mama Noi, alicheka kuwaona wanavyozunguka sokoni bila kazi. Akawaambia mpwa wake anaolewa kijijini, kando ya mto Mekong. Waende wakapumzike kidogo. Akawatafutia hoteli.

"Hoteli," alirudia tantine, kama mtu anayetema mbegu.

"Vyumba viwili, tantine. Cha kwangu juu, cha kwake chini."

"Endelea," alisema Muzee Kamate.

Ilikuwa hoteli ndogo ya mbao, imesimama kwenye nguzo juu ya maji. Hapakuwa na kitu cha kufanya hapo isipokuwa kukaa. Kahindo hakukumbuka mara ya mwisho alipokaa. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mto, wakaletewa uji wa wali wenye tangawizi, wakaunywa barazani wakitazama ng'ambo. Hapo ndipo simu ya Éphraïm ililia. Aliisikiliza amesimama, kisha akakaa chini sakafuni ingawa kiti kilikuwa nyuma yake. Mama yake alikuwa amekimbia. Kilima chao kule Masisi kilikuwa kimebaki bila watu. Alikuwa ametembea siku tatu, na sasa yuko kambi ya Kanyaruchinya, nje ya Goma, chini ya turubai la shitingi, na watu wa kijiji chake.

Kahindo alishuka kwenye kiti chake, naye akakaa sakafuni. Wakakaa hivyo mpaka uji ukapoa na ukungu ukaondoka. Kwa siku zote alizomjua, hawakuwa wamegusana hata vidole. Asubuhi ile alimshika mkono, na hakuona aibu.

"Alitaka kurudi Bangkok siku ile ile," alimwambia baba yake. "Lakini gari halikuwapo mpaka kesho. Mama Noi akasema, mutu mwenye huzuni asikae peke yake, muvae, mukuje kwenye harusi."

Harusi yenyewe! Kijiji kizima kilikuwa barabarani. Ngoma ndefu zilitangulia, wazee wanacheza mbele kama vijana, bwana harusi katikati anatoka jasho. Walipofika nyumbani kwa bibi harusi, mashangazi walikuwa wamefunga njia kwa mkufu, wanadai zawadi kabla hajapita. Alipowapa, akakuta mashangazi wengine na mkufu mwingine. Kahindo alicheka mpaka akashika mbavu, maana ilikuwa kama anawaona tantine Valérie na dada zake wote.

Tantine alikohoa. Alitaka kukasirika, lakini mdomo wake ulimsaliti kidogo.

Ndani, maharusi walipiga magoti, na watu wakawafunga nyuzi nyeupe mikononi, mmoja mmoja, kila mtu akitoa baraka yake. Bibi mzaa mama wa bibi harusi, mwanamke aliyepinda mgongo, alikuwa na nyuzi zilizobaki. Alimwita Kahindo kwa kidole, akasema neno.

"Anasema nini?" Kahindo alimuuliza Éphraïm.

"Anauliza kama uko na mutu."

"Mwambie niko naye."

Éphraïm akatafsiri. Bibi akasema tena.

"Anauliza ni nani."

Kahindo alimtazama. Ngoma zilikuwa zinalia nje, watu wanaongea wote kwa pamoja, na yeye aliona macho mawili tu, mekundu kwa sababu hayakuwa yamelala.

"Mwambie ni huyu anayetafsiri."

Éphraïm hakuweza kuyatafsiri hayo. Lakini bibi hakuhitaji. Aliivuta mikono yao miwili, akaifunga pamoja, akasema maneno mengi taratibu, na Éphraïm akalia mbele ya watu wote bila kujificha. Mama Noi akapiga picha, akaiweka mtandaoni.

Sombe ilikuwa imepoa kwenye sahani.

"Hakuna padri, papa. Hakuna mahari. Wewe hukuwapo. Najua siyo ndoa. Lakini ukiniuliza kama nilimkubali yule mutu, nilimkubali. Amerudi na mimi. Wiki tatu yuko Goma, anamuhudumia mama yake. Alikuwa anatafuta namna ya kuja kwako."

Muzee Kamate alikunja miwani yake.

"Basi namna amepata. Umwite. Leo."

Éphraïm alifika jioni ile, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Rutshuru. Kahindo alisimama mlangoni pa jikoni. Alimtabasamia ili ajue kwamba kazi ngumu ameshaifanya yeye. Lakini Éphraïm hakuwa anamwona. Alikuwa anaangalia sebule: makochi yenye vitambaa vya kufumwa, kabati la vioo, picha ya mama marehemu katika fremu ya dhahabu.

"Kijana," alisema Muzee Kamate. "Hii picha ni nini?"

Éphraïm aliitazama picha.

"Papa, hakuna kitu. Ni mchezo tu. Kule wageni wanavalishwa, wanapigwa picha. Mutu asimfikirie binti yenu vibaya. Hajafanya neno lolote."

Kahindo aliisikia sentensi hiyo mpaka mwisho, na hata baada ya mwisho bado alikuwa anangoja kitu.

"Mchezo," alisema baba yake.

"Mchezo, papa."

"Maana binti yangu amesema vingine. Saa nzima amekaa hapa, anasema vingine."

Éphraïm aligeuka kumtafuta Kahindo kwa macho, lakini mlango wa jikoni ulikuwa mtupu. Tantine Valérie alikwisha kusimama kumfungulia mlango, kwa heshima kabisa, jinsi mtu anavyomfungulia mgonjwa aliyepona.

Kahindo alimngoja langoni.

"Umenifanya mwongo mbele ya baba yangu."

"Kahindo, nilikuwa nakulinda. Sikujua kama ulishasema."

"Hukuniuliza! Ungenitazama tu, ungejua."

"Niliingia nikaona viti." Sauti yake ilikuwa chini. "Nikajiuliza, mzee huyu akija kwetu, nitamkalisha wapi? Mama analala juu ya mawe ya volkano. Kwetu hakuna tena kwetu. Nikaona heri upate mutu mwenye mlango."

"Asubuhi ile pale mtoni, ulipokaa sakafuni, ulikuwa na mlango?"

Éphraïm aliangalia viatu vyake vyenye vumbi.

"Sikukuomba kiti, Éphraïm. Nilikuomba neno moja. Baba yangu amekuuliza, na wewe umesema mimi ni mchezo."

Akafunga lango. Alisimama nyuma yake, paji la uso kwenye chuma, akisikia kwamba upande wa pili naye hajaondoka. Ilipita dakika nyingi kabla hatua zake hazijaanza kusikika zikienda.

Siku tatu zilizofuata Kahindo alifungua duka, akafunga duka. Alimuuzia mteja gauni lililokuwa la mteja mwingine, ikabidi amkimbilie barabarani kulibadilisha. Jumatano asubuhi alishuka soko la Kituku kununua sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwa sababu baba yake anazipenda, akajikuta amesimama mbele ya maji na ndoo tupu, wauzaji wanamwita mama, mama, naye haelewi wanataka nini. Ziwa lilikuwa limetulia. Kama simu ingelia saa ile angeipokea, na kwa kujua hivyo alijikasirikia zaidi.

Aliporudi alikuta wageni.

Mwanamke mdogo wa mwili alikuwa ameketi kwenye ukingo kabisa wa kochi, kana kwamba ameazimwa nafasi hiyo kwa muda mfupi. Kitenge chake kilikuwa kimefuliwa mpaka maua yamefifia, lakini kilikuwa safi, na kilemba kimefungwa vizuri. Miguu ilikuwa ya kijivu kwa vumbi. Nyuma yake alisimama Éphraïm, kichwa chini.

"Ndiye huyu?" mwanamke aliuliza, akimtazama Kahindo. Alimtazama taratibu, uso, mikono, ndoo ya sambaza. "Mwanangu, mimi ni Clotilde. Kaa, usikie, maana maneno haya ni yako pia."

Tantine Valérie alikuwa ameitwa haraka na alikuwa amekaa wima. "Mama, kwa desturi wanaume ndio wanaokuja kwa maneno kama haya. Wako wapi wajomba zake?"

"Mjomba mmoja tulimzika njiani. Mwingine sijui aliko." Mama Clotilde alisema hayo bila kupandisha sauti. "Nimebaki mimi. Munisamehe. Tena sikuja kuomba binti. Nimekuja kurudisha uongo."

Muzee Kamate aliinua uso.

"Papa, huyu mutoto aliposhuka kwenye ndege alikuja moja kwa moja kwenye shitingi yangu. Hakuwa ameniona miaka saba. Nilikuwa nimekonda, nilikuwa sina meno haya mawili, na yeye alipiga magoti akaniambia, mama, usilie, niko na bibi, nimepata mke. Akaniambia jina lake. Niliwaita majirani wote, tukacheza, sisi tusio na kitu cha kula. Jana usiku sikumuelewa, hali, hasemi. Nimemubana leo asubuhi, ameniambia alichosema hapa." Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamshika mwanawe kifundo cha mkono, akamvuta mbele. "Mutu mwenye bibi ndani ya hema langu na asiye na bibi ndani ya saloni hii ya makochi, huyo mimi sikumuzaa. Achague pa kusema kweli."

Kahindo alisikia sambaza zikiteleza ndani ya ndoo.

"Kijana," alisema Muzee Kamate. "Kati yangu na mama yako, ulimudanganya nani?"

"Wewe, papa."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Muzee Kamate aliinuka. Aliingia chumbani kwake, na wote wakamsikia akifungua kabati. Tantine alimnong'oneza Kahindo, "Amekasirika, analala." Lakini alirudi amevaa koti lake la sherehe na kofia, ufunguo wa gari mkononi.

"Twende."

"Kamate, twende wapi?"

"Kwa huyu mama. Mutu anataka binti yangu, na mimi sijaona kwao. Nitatoaje jibu?"

"Kwao ni kambi!"

"Basi nitaiona kambi."

Garini tantine alikaa mbele, Kahindo nyuma na Mama Clotilde. Éphraïm aliwafuata kwa pikipiki. Njia nzima mama mkwe, kama ndivyo angekuwa, hakumwambia neno kuhusu mwanawe. Alimuuliza jinsi anavyokaanga sambaza, akasema yeye huweka limao.

Kanyaruchinya mahema yalijaa mpaka mwisho wa macho, meupe juu ya mawe meusi, na mlima Nyiragongo nyuma yake. Muzee Kamate alitembea polepole, akichagua pa kuweka kiatu. Mama Clotilde alitangulia akiita majirani kwa majina. "Mutoke, muone wageni wangu!" Walipofika, mzee huyo mkubwa alivua kofia, akainama karibu kupiga magoti, akaingia chini ya shitingi. Tantine alivuta pumzi, akainama, akaingia pia.

Kahindo alibaki nje. Éphraïm alisimama hatua mbili kutoka kwake, mikono hajui aipeleke wapi.

"Kahindo."

"Usiniombe msamaha kwa sauti ndogo. Ulinikana mbele ya watu."

Alielewa. Aligeuka. Kando ya hema palikuwa na bomba la maji na mstari mrefu wa wanawake na mabidon yao, watu wa kilima chake, waliomjua tangu hajaota ndevu.

"Mama zangu! Siku ya yenga, Jumapili, nilimukana huyu mwanamke kwa baba yake. Niliogopa umaskini wangu. Ni uongo. Ni yeye niliyewaambia. Ni yeye nampenda, na akinikataa leo hii mbele yenu, nitajua sababu."

Mwanamke mmoja alipiga kigelegele, wengine wakadakia. Kahindo alitaka kubaki na hasira yake kidogo zaidi. Aliitafuta, lakini machozi yalikuwa yamekwisha kumtangulia, na kicheko nacho kikaja humo humo.

"Nimesikia," alisema. "Ingia ukamwambie papa. Hakusikia vizuri siku ile."

Éphraïm alipopita alimgusa mkono kwa mgongo wa mkono wake, kidogo tu, akainama akaingia.

Kitambaa cha hema hakifichi neno. Kahindo alisikia sauti ya Éphraïm, fupi. Kisha sauti ya baba yake.

"Mama Clotilde, sisi Wanande, mkwe analeta mbuzi. Mbuzi zenu ziko wapi?"

"Zilibaki kilimani, papa. Sijui nani anazikamua, sijui nani anazikula."

Tantine alikohoa.

"Basi mbuzi zingoje amani," alisema Muzee Kamate. "Watoto wasingoje."

Kahindo alijifunika uso kwa viganja. Hakujua amesimama hivyo kwa muda gani, mpaka mtu alipomgusa begani. Alikuwa mwanamke kutoka kwenye mstari wa maji, kitenge kiunoni, akimwonyesha bidon la njano lililosogezwa mpaka mbele.

"Bibi ya Éphraïm," alisema. "Hili ni la mama mkwe wako. Zamu yenu imefika."

Kahindo alijifuta macho, akakunja mikono ya blauzi yake, akaenda kuchota maji.